Kurasa Sitini na Tatu za Emali

Leo laptopu yangu imeniaibisha mbele ya akina mama kumi na mmoja wa kanisa, na mmoja wao ni mama yake Mutua. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimeona ni heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia sokoni.

Kwa wasionijua: ninafundisha kompyuta hapa Kitui mjini, katika chuo kidogo kilicho juu ya duka la mbegu. Kwa wasiomjua Mutua: tulikuwa pamoja miaka minne. Mwaka jana alipata kazi Emali, kwenye karakana ya malori, akaniambia twende wote. Nikasema siwezi kuwaacha wanafunzi wangu. Akasema sawa. Mimi nilitaka abishane kidogo, lakini Mutua si mtu wa kubishana. Akaenda. Nikawaambia watu wote kwamba mimi ndiye niliyemwacha na wala sijutii. Nilisimama hata kanisani nikatoa ushuhuda kwamba moyo wangu ni mwepesi. (Mama yake alikuwa safu ya pili. Alipiga makofi.)

Sasa, laptopu. Imekuwa ikiganda wiki mbili. Ukifungua brauza tu, feni inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi na mshale unakataa kusogea. Leo asubuhi nilijaribu kila kitu ninachofundisha watu. Niliizima nikaiwasha. Nikasasisha brauza. Nikafuta takataka zote za mtandao ilizokuwa imehifadhi. Bado. Kitu kimoja tu sikugusa: kurasa nilizokuwa nimeziacha wazi. Zilikuwa sitini na tatu. Nilijiambia nitazifunga nikipata nafasi. (Nafasi nimekuwa nayo tangu Machi.)

Saa nne wakaingia akina mama, kikundi cha kanisa cha kusuka viondo kutoka kijiji cha Tulia. Walikuja kufunguliwa barua pepe ili wapokee oda za wateja wa mbali. Mama Mutua akaketi mbele, mkoba mapajani. Tukasalimiana kwa adabu, kama watu waliokaribia kuwa jamaa.

Nikawasha projekta. Nikafungua brauza. Ikaganda.

"Mwalimu, imekufa?" akauliza Ngina, katibu wa kikundi, ambaye hapendi kupotezewa wakati.

Hapo ndipo ningesema tutoke tunywe chai. Lakini ualimu ukanipanda kichwani.

"Haijakufa," nikasema. "Tena ni vizuri imetokea. Nitawaonyesha jinsi ya kumtafuta mkosaji."

Nikawaeleza kwamba kila ukurasa ulio wazi unakula memori, hata kama huuangalii, na kwamba brauza ina orodha yake ya kuonyesha nani anakula kiasi gani. Brauza ilipopata pumzi kidogo nikabonyeza vitufe viwili, orodha ikatokea ukutani. Nikaipanga, walafi juu. Kisha nikawageukia wanafunzi wangu, nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Nilikuwa nimesahau kwamba orodha hiyo huandika kila ukurasa kwa jina lake.

Ngina akaanza kusoma kwa sauti. Nadhani alifikiri ndiyo kazi aliyopewa.

"Ramani, barabara ya Emali. Hali ya hewa Emali leo. Umbali kutoka Kitui hadi Emali. Treni zinazosimama Emali. Nafasi za walimu wa kompyuta, Emali." Akavuta pumzi. "Jinsi ya kumsahau mtu uliyemwacha wewe mwenyewe. Dalili kwamba bado anakufikiria. Hali ya hewa Emali kesho."

Mtu akakohoa. Sikuthubutu kuangalia safu ya mbele.

"Ni hiyo ramani ya juu inakula sana," Ngina akaendelea. "Si uifunge tuendelee?"

Nilitaka kuifunga, wallahi. Lakini kidole kilikuwa na jasho, nikabonyeza mara mbili badala ya mara moja, na ukurasa wenyewe ukafunguka ukajaa ukuta mzima. Kisha brauza ikaganda tena.

Mnaijua ile ramani inayokuonyesha barabara kana kwamba unatembea kwa miguu. Basi hapo ni Emali, kando ya barabara ya Mombasa. Malori yamepangwa, vumbi limetulia. Na katikati kabisa, kwenye mlango wa karakana, kuna mwanaume wa shati la samawati, ametupa mgongo. Nilimpata Machi. Nilikuwa nimemvuta karibu mpaka ramani yenyewe ikakataa. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipitia hapo, nikamwangalia kidogo, nikaenda zangu kufundisha.

Nilibonyeza kila kitufe. Hakuna kitu. Nikasimama mbele ya projekta nizibe. Emali yote ikahamia kwenye blauzi yangu nyeupe, na yule mwanaume akatua kifuani. (Najua. Ningechomoa waya. Hilo nimelikumbuka nikiwa kwenye ngazi, nikienda nyumbani.)

"Sogea, mwalimu," akasema Mama Mutua.

Nikasogea. Akainuka polepole, akaja hadi ukutani, akaitazama ile picha kwa muda mrefu sana.

"Huyu si Mutua," akasema.

"Si yeye, mwaitu?" Hilo neno la Kikamba la kumwita mama lilinitoka lenyewe. Ndilo nililokuwa nikimwitia zile siku za mwanzo, kama mama yangu mzazi.

"Mutua nimemzaa. Hasimami hivi. Tangu aangushwe na punda huegemea mguu wa kushoto. Na hana mgongo mpana namna hii. Huyu ni mtu wa watu."

Kisha Ngina akauliza, kwa upole kabisa, "Kwa hivyo miezi yote hii mwalimu anaangalia mume wa nani?"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupangusa machozi. Hata mimi nilicheka, kile kicheko cha mtu asiye na pengine pa kwenda. Brauza ilipozinduka nikazifunga zote sitini na tatu, wao wakihesabu. Laptopu ikawa nyepesi kama imetoka dukani leo. Barua pepe ya kikundi tuliifungua kwa dakika kumi.

Darasa likaisha, wakatoka. Mama Mutua akabaki, akijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Hiyo kazi ya Emali," akasema bila kuinua macho. "Uliiomba?"

"Hapana, mwaitu. Nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia tangu lini?"

"Tangu Machi."

Akatikisa kichwa. Nilingoja aniulize kuhusu ule ushuhuda wangu. Hakuuliza.

"Mimi sijamwona tangu Krismasi," akasema. "Hupiga simu kila Jumapili. Namuuliza anakula nini, ananiambia yuko sawa. Hayo si majibu ya chakula." Akafunga mkoba. "Ile barabara, unaweza kunionyesha tena? Nataka tu kuona mahali anapita."

Nikaifungua. Tukaketi sisi wawili kwenye viti vya wanafunzi, tukatembea Emali yote ukutani, kutoka njia panda mpaka stesheni ya reli. Yeye ananielekeza kwa kidole. "Kata hapo. Hebu rudi nyuma. Yule aliyeinama?" Si yeye. "Na yule wa kofia?" Si yeye. Tulipofika kwenye kibanda kimoja cha chakula akasema pengine hapa ndipo hula mchana, na tukakitazama kibanda hicho kama watu waliokaribishwa. Laptopu ikaganda papo hapo. Tuliiacha tu.

Nimewaambia mimi mwenyewe, kwa hivyo msinitumie vikatuni vya kucheka. Na kama kuna mtu hapa anapitia Emali wiki hii, kuna karakana ya malori upande wa stesheni. Usimsalimie. Usimtaje mtu yeyote. Niambie tu kama amekonda.