Vitabu Upande wa Beverly

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeamka nimekumbatia boksi la vitabu. Tena! Kitabu changu, Giza la Macalder, hadithi fupi za kutisha za machimbo ya dhahabu, kimejaa kitandani upande wa mke wangu. Nyumba hii ya Suna inavuja kila mahali isipokuwa hapo. Beverly alivumilia kulala kwenye kochi, mwisho akarudi kwao Homa Bay. Ati atarudi siku vitabu vitakapotoka kitandani. Nimemmisi hadi natia chumvi kwenye chai.

Nimezunguka soko lote la Migori. Sijauza hata kimoja. Jirani yangu Mwalimu Momanyi kitabu chake cha ufugaji wa kuku kinauzwa kama njugu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama changu kina kuku. Mshenzi!

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Redio yetu ya Kijaluo. Ni kipindi gani kila mtu hunyamaza, hata wanaogombana? Matangazo ya vifo! Basi nitaingiza hadithi yangu ya kwanza humo. Shujaa wake nilimpa jina la baba mkwe, Mzee Jacktone Ogweno, kwa heshima. Anafukiwa na shimo akiokoa wenzake. Kifo kitamu sana.

Nimeandika kwamba, kwa majonzi, Mzee Jacktone Ogweno wa Homa Bay amefukiwa na shimo huko Macalder. Halafu mwishoni: soma yote katika kitabu cha mkwewe, Chrispine wa Suna. Nani hatanunua?

Jumatano, 5 Machi

Redioni wamekata mstari wangu wa mwisho! Ati leo marehemu walikuwa wengi, muda ukaisha.

Mama mkwe, Mama Roselyn, amepiga simu. Huwa hanipigii. Sisi Wajaluo, na mama mkwe ni kuheshimiana kwa mbali. Leo wapi! Mzee alisikia kifo chake akinywa uji, ukampalia, nusura afe kweli. Hema limeshafika. Mashangazi wameingia wakilia toka barabarani. Beverly alikuwa sokoni akiuza dagaa wa omena, akaacha meza hivyo hivyo, akakimbia hadi nyumbani bila viatu.

Hapo aibu ilinishika. Hilo la viatu sikulifikiria, jamani.

Alhamisi, 6 Machi

Homa Bay. Nimekuja nikiburura mbuzi, maana wazee wamesema aliyeliliwa akiwa hai lazima achinjiwe na aliyemuua. Nimebeba na maboksi yote, niwaonyeshe kwamba ni hadithi tu.

Baba mkwe alikuwa ameketi katika hema lake la matanga, amenuna. Kinachomuuma zaidi ni kwamba binamu yake Ochola hakuja kumlilia. Akaniamuru nisome jinsi alivyokufa.

Nikasoma. Taa inafifia. Udongo unadondoka kidogo kidogo. Mzee anawasukuma vijana juu, mmoja mmoja, yeye anabaki. Baba mkwe akalia machozi. Akasema maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita jasiri. Kusema kweli, nami nililia.

Waombolezaji hawakutaka kurudi mikono mitupu. Wakanyakua vitabu vyote, bure. Beverly akanitazama weee, kisha akauliza kama kitanda sasa kiko wazi. Nikasema kiko wazi. Akasema nilimtoa roho, na nisithubutu tena kumuua mtu wa kwao. Nikaapa mbele ya mbuzi.

Jumapili, 9 Machi

Beverly yuko nyumbani! Tumetoka kanisani, amejinyoosha upande wake, anakoroma kidogo. Raha tupu. Momanyi ameleta mayai ya kumkaribisha. Nimeyapokea, lakini sijamsamehe.

Kiapo ni kiapo. Katika hadithi yangu mpya hafi mtu. Shujaa ni Mama Roselyn, anaingia kwenye ukungu wa ziwa asubuhi, basi, haonekani tena. Hajafa! Amepotea tu.

Nimeshaulizia redioni. Matangazo ya waliopotea ni machache, hawakati hata neno.