Kabichi za Bwana Mifugo

Jumatatu, 5 Mei 1975
Mvua zimekwisha na mke wangu kaondoka. Lukresia kafunga kanga zake, karudi kwao ng'ambo ya kilima. Kisa? Mboga! Eti tangu Pasaka anakula ugali kwa usipa mkavu, vidagaa vya ziwani, na mume anayefundisha watu kutunza mbuzi hana hata shina la mchicha nyuma ya nyumba. Atarudi siku atakapoona majani mabichi. Baba yake, Mzee Ignatio, alikuja kumchukua mwenyewe. Shikamoo yangu hakuiitikia. Mimi, bwana mifugo, niliyeletwa kijiji hiki cha Lundo na Serikali kutoka Singida, nimeachwa kwa ajili ya mchicha! Basi. Nitalima.

Jumamosi, 10 Mei
Matuta mawili. Viganja vyote malengelenge. Jirani yangu Othmar, mvuvi, kasimama kunitazama, kaniuliza nimepanda mbegu au nimezika maiti. Kasema nimezifukia chini mno, akajitolea kunipa miche yake na kunionyesha. Nimemkatalia. Mtumishi wa Serikali afundishwe na mtu anayenuka samaki?

Alhamisi, 29 Mei
Hakuna kilichoota. Bustani ya Othmar imejaa mpaka uani! Usingizi umenipotea kwa hasira, lakini hasira imeniletea akili. Asubuhi nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Kilian. Nimemwambia naitoa bustani yangu iwe ya ujamaa, mfano kwa kijiji kizima. Kainuka kitini kunishika mkono. Kila Jumanne kila nyumba italeta mtu na jembe. Mimi nitasimamia. Kijiji kilime, lakini bustani iko nyuma ya nyumba ya nani? Yangu!

Jumanne, 10 Juni
Wamekuja wengi. Wamelima, wamemwaga samadi, wamepanda miche ya kabichi aliyoitoa Othmar, wamepandisha maji kutoka ziwani kwa ndoo. Mimi nimekaa kivulini nikisema, "Vizuri, ndugu, vizuri." Bibi Ephrasia, mgongo umepinda, kauliza jembe langu liko wapi. Nimemweleza kuwa kazi ya kichwa nayo ni kazi. Kasema basi kesho nimwagilie kwa kichwa. Wamecheka mpaka wakaketi chini. Sitamsahau kikongwe yule.

Jumapili, 24 Agosti
Kabichi zimefunga, kila moja kama kichwa cha mtoto! Nilimpelekea Lukresia salamu, leo kaja na baba yake baada ya misa. Kainama, kazigusa moja moja, kacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Mzee Ignatio kanishika bega: "Mkwe wangu, nilikudharau bure." Kauliza nani kanisaidia. Nimesema Mungu. Jumapili ya tarehe 7 Septemba watakuja wote, tule pamoja, na Lukresia atabaki.

Jumamosi, 6 Septemba
Balaa! Kilian kaja jioni, anapigapiga kabichi kwa kidole kama mwenye mali. Jumatatu watavuna zote: za wagonjwa zahanati, za watoto shuleni, zilizobaki kila nyumba iliyolima. Na Lukresia abaki kwangu aone matuta matupu? Nimemwomba asubiri wiki moja. Kasema watoto wamesubiri tangu Juni. Basi nimekunja uso wa kazi, nimepasua jani, nimelinusa. Nimetangaza karantini! Ugonjwa mbaya, mtu asiguse wala asile. Kilian kajifuta mikono kwenye suruali, akaondoka mbio. Ushindi!

Jumapili, 7 Septemba
Lukresia alikuja na mzigo wake kichwani, nyuma yake mama na baba. Niliwapikia kabichi sufuria nzima. Mzee Ignatio alikuwa ameshamega tonge lake Kilian alipoingia na Othmar, wamekuja kuuliza dawa ya ugonjwa. Kilian akapiga kelele: "Mzee, usile! Bwana mifugo mwenyewe kasema ni sumu!"

Tonge likarudi sahanini.

Lukresia akaniuliza polepole kama kabichi ni nzima au zinaumwa. Nifanye nini? Zikiwa zinaumwa, nawaua wakwe zangu. Zikiwa nzima, nimewadanganya watu wa kijiji. Nikasema zinaumwa kidogo.

Hapo ndipo Kilian alipowaita watu. Wakazing'oa zote, wakazitupa shimoni na kumwaga majivu, kama nilivyowafundisha kufukia mbuzi wa kimeta. Bibi Ephrasia alikaa ukingoni mwa shimo. Hakunitukana. Alisema tu, "Jumanne zangu zote," akajifuta uso kwa kanga. Kama angenitukana ningelala.

Lukresia alijitwika mzigo wake, akaondoka mbele ya wazazi wake. Hakugeuka.

Jumatatu, 6 Oktoba
Habari kutoka ng'ambo. Lukresia kalima bustani yake mwenyewe karibu na kijito. Othmar kampelekea miche. Mchicha wa kwanza kamletea Bibi Ephrasia, kikapu kizima! Mimi hata jani.

Lakini kaniletea maneno kwa bibi huyo huyo. Mlango haujafungwa. Niende na jembe langu, nilime naye tuta kwa tuta mpaka mvua zinyeshe, mikono yangu mwenyewe, yeye akiniona. Hataki kingine. Bibi Ephrasia kasema hajawahi kusikia adhabu nyepesi hivyo, na nikikosa hii basi.

Nimefikiri mchana kutwa. Jembe! Jua hili!

Bahati nzuri nimemkumbuka Egidi, yule kapera mpiga makasia. Urefu wetu sawa, mabega yake mapana kidogo. Akivaa shati langu la kaki na kofia yangu, akainama upande wa pili wa kijito, nani atajua? Kakubali mara moja, hata ujira hakutaka. Kaniuliza tu kama Lukresia huwapikia wanaolima.

Nimemhakikishia kwamba hupika vizuri sana, na anapenda mtu mchapakazi. Anaanza kesho. Mimi nitapumzika.