Dashibodi ya Shosho

Jumapili, 3 Agosti

Zimebaki siku sita Kui aolewe. Binti yangu wa pekee! Baada ya ibada nimemuuliza, kama mtu asiye na haja sana, ni gari gani litampeleka kanisani Ruiru. Akatabasamu. Akasema, Dad, si usubiri tu. Nisubiri! Hayo ni maneno ya benki.

Hapa kuna mkono wa Gachau. Gachau ni ndugu ya mke wangu Mumbi, anakaa Ruiru, na mwezi jana alinunua gari lililotoka Japani. Leo amelileta hapa mtaani kwetu Landless, Thika, akaliegesha mbele ya lango langu. Si kando. Mbele. Dashibodi yake haina geji hata moja. Ni skrini tupu, pana kama sinia, na ukiigusa inawaka. Majirani walipanga foleni kuigusa. Hata Mumbi aliigusa. Mara mbili.

Mimi nina Shosho, nyanya wa magari yote. Gari la mwaka wa sabini na tisa, rangi ya maziwa, nimelirithi kwa baba. Shosho ana geji nne za duara zenye vioo: ya mwendo, ya petroli, ya joto, na saa. Ya petroli hukwama, lakini ukiipiga dashibodi ngumi mbili inasema ukweli. Kui alijifunza namba hapo, amekaa mapajani mwangu. Mwalimu wa nasari alituita shuleni kwa sababu mtoto akihesabu alitoka sifuri akaenda ishirini, kisha arobaini, kisha sitini. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Mtoto kama huyo apelekwe kuolewa na skrini? Haiwezekani.

Jambo jingine. Kui ameniomba picha ya dashibodi ya Shosho. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kuangalia tu. Nimekataa. Najua anataka kuiweka kando ya picha ya Gachau, marafiki zake wacheke.

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi nimemkuta Mumbi ndani ya Shosho, na simu mkononi. Anapiga dashibodi picha! Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ati anaangalia kama kuna vumbi. Tangu lini vumbi likapigwa picha?

Baadaye akaingia jikoni, akaongea na simu kwa sauti ya chini. Nilisimama karibu na dirisha, nikijifanya nakagua gata za paa. Nikasikia "Nekesa". Nikasikia "Wendani". Nikasikia "isionekane kabla ya Jumamosi". Simjui Nekesa yeyote wa Kahawa Wendani. Nimeliandika jina hilo nyuma ya kalenda.

Nilipoingia, Mumbi akanipa uji na kuninyamazia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimekwenda Ruiru kuipeleleza skrini. Nilimwambia Gachau nimepita tu kumsalimia. Akafurahi mno. Furaha ya aina hiyo ina sababu. Akanikalisha kwenye kiti cha mbele, akawasha gari.

Mwanamke akaongea! Ndani ya dashibodi! Kijapani, kwa sauti ya adabu, kama karani anayekuambia faili yako haionekani. Niliruka nikagonga kichwa. Gachau akacheka, akasema karibu kila gari la kutoka huko husema hivyo, ati linalalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haimo. Amemzoea, hata humjibu. Nikamuuliza anajuaje kwamba ndivyo anavyosema. Akasema aliambiwa. Na nani? Hapo akakumbuka chai, akaingia ndani.

Mtu anayekuacha peke yako garini mwake ana lake jambo. Hata hivyo nilitumia nafasi. Mpango: kuivuruga ile skrini ili Jumamosi imwaibishe. Maandishi yote yalikuwa kama vijiti vya mchongoma, kwa hivyo nilibonyeza palipokuwa na picha. Simu ndogo. Skrini ikageuka buluu. Ikalia. Simu yangu nayo ikalia mfukoni, ikaniuliza kitu. Nikaikubalia. Simu yangu huuliza mambo mengi, na mimi huikubalia ili ininyamazie.

Gachau aliporudi nikajitia hamnazo. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi kupita kawaida. Ya kunilegeza ulimi, bila shaka. Niliinywa yote lakini sikusema kitu.

Jumatano, 6 Agosti

Dawa ya moto ni moto. Nimempeleka Shosho kwa Kaleli, fundi wa redio za magari hapa Thika mjini. Nikamwambia nataka skrini kubwa kuliko ya Gachau kwa inchi mbili. Kaleli akasema lazima dashibodi ikatwe na geji zitolewe. Akaniuliza kama nina hakika. Kisha akaniuliza tena. Mtu hakuulizi mara mbili ila ametumwa akuvunje moyo. Nikamwambia kata.

Msumeno ulipoanza sikuweza kutazama. Nilisimama nje, nikahesabu nguzo za stima. Baba alikuwa akiifuta ile saa kwa leso yake kila Jumapili. Nikapiga moyo konde.

Sasa skrini imekaa. Inang'aa! Na imechorwa geji nne za buluu, nzuri kuliko zile za kweli. Ya petroli inaonyesha tangi limejaa. Kaleli akasema hizo ni picha tu, mzee, waya wa petroli haujaunganishwa, kuna kipande kinachokosekana mpaka wiki ijayo, kwa hivyo nihakikishe nimeweka petroli ya kutosha. Nikamtazama machoni. Kituo cha mafuta kilicho mkabala na duka lake kinasimamiwa na binamu yake. Nilijua! Upande mmoja Kaleli na binamu yake, upande mwingine macho yangu mwenyewe, yanayoona tangi limejaa. Sikuweka hata tone.

Geji za zamani nimeziacha kwake kwenye boksi. Shosho nimemfunika turubai. Kui atashangaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Kamati ya arusi ilikutana hapa nyumbani, watu kama ishirini, kwenye viti vya kukodi. Gari la Gachau lilikuwa langoni, milango wazi, likipiga muziki wa mugithi. Kaleli akanipigia simu. Nikaenda nyuma ya jikoni kuipokea. Kimya. Nikasema haloo. Kimya. Nikapaza sauti: Kaleli, sikusikii!

Papo hapo mugithi ukanyamaza. Na kutoka langoni, kwa sauti ya kujaza mtaa mzima, nikamsikia Kaleli. Anauliza hizi geji za kizamani azitupe ama aziweke. Anasema nisiwe na wasiwasi, amehesabu tena, skrini imeishinda ya Gachau kwa inchi mbili kama nilivyoagiza. Anauliza kama niliweka petroli.

Kaleli yumo garini mwa Gachau! Wanashirikiana! Nilikimbia. Nilitazama chini ya viti. Nikafungua buti, nikainua hata gurudumu la akiba. Kamati yote imesimama kunitazama, mtu ameshika mandazi karibu na mdomo. Gachau akaja polepole, akanishika bega, akasema, "Shem, simu yako imeshikana na gari yangu. Sijui ilishikana aje."

Mimi najua. Ni yule mwanamke. Alinitega Jumanne kwa sauti yake ya adabu.

Kui alituacha pale. Alikwenda kwa Shosho, akafunua turubai, akaingia, akakaa humo kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mumbi akaniambia, "Ona kazi yako, Baba Kui." Lakini jikoni kulikuwa kunakatwa vitunguu, mimi nilivinusa.

Kisha Kui akanivuta kando. Akasema tangu Mei aliamua ataenda kanisani na Shosho, hajawahi kufikiria gari jingine, alitaka kuniambia kesho ili niende kulala nikiwa na furaha. Akasema, "Dad, bado nitaenda na wewe."

Moyo uliruka kama mtoto. Tangu Mei! Nilimkumbatia. Nimekaa hapa sasa nikilifikiria neno lake. Kwa nini "bado"?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda mjini kununua nta ya kumsugua Shosho. Nani nakutana naye uso kwa uso mlangoni pa Kaleli? Gachau! Amebeba boksi. Aliponiona akalificha mgongoni, kama mtoto aliyeiba sukari. Akasema, "Sasa, shem." Nikasema poa. Haikuwa poa.

Ndani ya boksi kuna skrini ya pili. Anataka kuweka mbili. Au tatu! Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Shosho anang'aa. Tangi bado limejaa, ajabu. Tumezunguka Thika yote tangu asubuhi na sindano haijashuka hata kidogo. Gari la zamani halina mfano.

Jumamosi, 9 Agosti

Akina mama walimtoa Kui kwa nyimbo. Alipoketi kando yangu na gauni lake, likajaza gari mpaka kwenye gia, nilishika usukani kwa mikono miwili. Nikaondoka kwa mwendo wa arobaini, kama zamani.

Tulipita Juja vizuri. Mbele kidogo Shosho akakohoa. Akakohoa tena. Akazima kabisa kando ya barabara, sindano ikionyesha tangi limejaa.

Kui akaitazama skrini. Akakunja ngumi, na kucha zake za arusi, akaipiga mara mbili, vile alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Skrini ikamuuliza anataka lugha gani. Tulitazamana. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaanza kulia, akasema, "Dad, hii haijui kusema ukweli." Nilitamani Kaleli azirudishe zile geji mahali pake saa hiyo hiyo.

Gachau akasimama nyuma yetu na gari lake. Nilijua. Saa yake imefika. Atamchukua binti yangu, atamketisha mbele ya yule Mjapani, na mimi nitabaki hapo na turubai. Nikamwambia Kui, kwa uchungu, ashuke aende na anko wake asichelewe. Kui akakataa. Akasema yeye na gauni lake hawatoki ndani ya Shosho. Basi Gachau akatoa kamba, akalala chini na suti yake, akajiingiza chini ya Shosho kuifunga. Akatuvuta mpaka mlangoni mwa kanisa. Watu walipiga vigelegele wakidhani ni mtindo mpya.

Ninaona kitu kimoja tu. Tulifika, ndiyo. Lakini nani alikuwa mbele?

Baada ya kanisa, keki. Nekesa akatambulishwa: mwoka keki wa Kahawa Wendani! Akaifunua. Geji nne za duara. Dashibodi ya Shosho, kamili, na ufa mdogo kwenye kioo cha saa. Namba zimeandikwa kwa sukari: sifuri, ishirini, arobaini, sitini. Sindano ya chokoleti imesimama kwenye arobaini. Kui akashika maikrofoni, akasema hapo ndipo alipojifunza kuhesabu, na kwamba hakuwahi kuogopa akiwa kwenye mwendo wa arobaini na baba yake. Nililia mbele ya watu wote. Mkwe wangu Oluoch akanipa leso yake.

Halafu Gachau akaja na lile boksi, limefungwa kwa karatasi ya zawadi. Ndani: geji zangu nne! Amezichukua kwa Kaleli, amezisafisha, hata ile ya petroli ameitia mafuta isikwame. Kui akazishika moja moja. Akaniomba nizirudishe ndani ya Shosho kabla hajaja kutusalimia Desemba. Nikamuahidi. Nilimshika Gachau mkono, nikamshukuru kwa moyo wote. Naandika kwamba ni kweli, nilimshukuru.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba iko kimya. Kui hayupo. Geji ziko mezani mbele yangu.

Nimezitazama tangu tutoke kanisani. Zinang'aa mno. Najiuliza: kwa nini mtu asafishe geji za mwenzake, bure? Alikaa nazo siku nzima. Siku nzima! Mtu mwenye gari linalosikiliza simu za watu anaweza kuweka nini ndani ya geji? Na Shosho akirudishiwa, kila ninachosema barabarani kitakuwa kinasikika Ruiru.

Mumbi akaniambia niziache. Hapo ndipo nilipochukua bisibisi.

Nimefungua ya petroli. Hakuna kitu. Springi iliruka ikaingia chini ya kochi. Nimefungua ya joto. Hakuna kitu. Saa ya baba ilikataa kufunguka, kwa hivyo niliisaidia na nyundo kidogo. Hakuna kitu. Ya mwendo, sindano imekatikia kwenye arobaini.

Nne zote, hakuna kitu. Yaani amekificha vizuri kuliko nilivyodhani.

Nimejaribu kuzirudisha. Imebaki skrubu moja ambayo haina mahali pa kukaa. Mimi sijawahi kuiona. Nimeitia kwenye gilasi ya maji, nimeifunika na sahani, na nikiwa karibu nayo naongea mambo ya hali ya hewa tu.