Uzinduzi wa Kituo cha Kuwarudisha Watoto Mezani, Nshamba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikao, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Inayosimamia Kamati ya Maandalizi, mashehe na wachungaji, akina tata na akina mayo, yaani baba na mama zetu, wakulima wa kahawa na migomba, wageni kutoka Bukoba Mjini, na ninyi mliopita tu mkaona maputo mkaingia: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Nasimama hapa mimi, Audax Kyaruzi, Mratibu Mwandamizi wa Uratibu, kuzindua Kituo cha Tiba ya Kisaikolojia kwa Watoto na Vijana Wanaojinyima Chakula, ugonjwa uitwao anoreksia, ambao mimi, kabla ya semina ya Arusha, nilidhani ni dharau tu kwa ndizi zetu. (Kicheko.) Msicheke, ndugu zangu, ugonjwa huu unaua! Kijana anakonda huku akijiona mnene, na tiba yake si fimbo wala kombe la mganga, bali mtaalamu hukaa na familia, wazazi wakasimamia kila mlo bila kumgombeza mtoto, wiki hadi wiki, mpaka apate nguvu ya kujisimamia mwenyewe. Haya niliyasikia kwa masikio yangu, kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo, kwa kuzingatia fremuweki shirikishi na maoni ya mastekiholda wote, Kamati yangu ilifanya mlo wa majaribio: tulikaa mezani, tukasimamiana, tukala, wala hakuna aliyebakiza. Mafanikio yalikuwa asilimia mia moja na nne! (Makofi. Sauti ya mama: "Mtaalamu ataanza lini kumtibu mwanangu? Anazidi kuisha!")

Subiri, mama, tuko kwenye takwimu. Utafiti wetu wa kina, uliokamilika leo asubuhi, unaonyesha kwamba asilimia kubwa ya wasichana wa hapa Nshamba huficha vipande vya ndizi kwenye mfuko wa sketi ya shule wakampelekea mbuzi wa jirani, na kwamba asilimia hiyo hiyo ya akina mama hulia jikoni wakiwa wamefungulia redio ili baba wa nyumba asisikie. (Minong'ono. Yule mama anasimama: "Mawe! Mama yangu! Hayo nimemwambia daktari peke yake!")

Keti, mama. Usiri wa mgonjwa ndio nguzo ya kituo hiki, na ndiyo maana sitamtaja Bi Verdiana mwenye duka la vitenge, wala binti yake Kokushubila, huyo hapo mwenye sweta la kijani. (Watu wote wanageuka. Binti anajifunika uso kwa kanga.)

(Bi Verdiana: "Nilimkaribisha yule dada daktari kwa akamwani, tukatafuna kahawa hiyo pamoja kama ndugu! Tangu lini mtu akatafuna kahawa yako kisha akatoa siri yako?" Wazee: "Kweli kabisa! Aibu gani hii!")

Nashukuru kwa mchango huo, mama, umepokelewa na utachakatwa. Sasa nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mzee Rutaihwa kwa kutuazima ghala lake hili la kahawa, ambalo anataka tuwe tumelihama kabla ya saa kumi. Namshukuru fundi aliyebandika kibao cha kituo kwa gundi hafifu, kwani kesho kinahitajika kata ya Bakoba, Bukoba Mjini, kwenye uzinduzi mwingine. Na kwa namna ya pekee namshukuru dada Shamsa, mpambaji wetu wa maputo, aliyekubali kuvaa koti jeupe na kukalia kiti cha mtaalamu, maana mtaalamu mwenyewe bado yuko kwenye mchakato, na ndiye huyo Shamsa aliyeniletea utafiti wote. (Shamsa anavua koti na kujificha nyuma ya maputo.)

Sasa kauli mbiu yetu: Mtoto! (Watu wanatazama maputo.) Mnaitikia, "Mezani!" Tena: Mtoto! (Binti, kwa sauti ndogo: "Mama, naona aibu. Twende nyumbani.")

Mmemsikia? Amezungumza! Karani, andika haraka: mgonjwa wa kwanza amepona. (Bi Verdiana anamshika binti yake mkono, wanatoka.) Asanteni sana kwa kunisikiliza, na Mungu awabariki. Tulipanga tule pamoja na familia hiyo, ila kwa bahati mbaya chakula kinatosha meza kuu tu.