Mayai Kumi na Moja Ndani ya Kakao

Jumatatu, 9 Juni

Lugano kasifiwa tena! Kipindi cha "Kwa Nini Hivi?" redioni, saa moja jioni. Huyu ni jirani yangu hapa Talatala, migomba yetu inapakana. Kapiga simu kuuliza kwa nini maji ya mtungi ni baridi hata jua likiwaka. Mwalimu Adela akasema ni swali zuri sana. Kwa sauti ile! Akaeleza kuwa mtungi unatoka jasho kama sisi, na jasho likikauka linaondoka na joto. Miaka arobaini na sita nakunywa maji ya mtungi bila kuuheshimu. Nimekwenda kuushika wa kwetu. Kweli, umelowa.

Mwalimu huyu anafundisha fizikia sekondari, katokea Bukoba, na hana maringo hata chembe. Hajawahi kumcheka mtu. Kila Ijumaa anamtangaza muulizaji bora wa wiki, na Jumamosi mtu huyo anakaa naye studio saa nzima. Kiti hicho nakitaka. Lugano kakikalia mara mbili na sasa anatembea barabarani kama mkaguzi wa shule.

Jumanne, 10 Juni

Nimeingia hewani! Mwalimu akaniomba nipunguze redio, inapiga kelele. Nikapunguza ya jikoni. Ya sebuleni nikaisahau. Kisha nikaomba kuwasalimia watu wachache: mama mkwe, shemeji zangu wote wa Mwaya, kwaya yetu, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na fundi baiskeli wa Mbugani. Nilipofika kwenye swali, salio likakata. Nikamsikia Mwalimu akimshukuru Baba Kisa kwa salamu. Kanitaja!

Lugano kaja mpaka uani kuniuliza swali lenyewe lilikuwa lipi. Nikamwambia ni siri. Kusema kweli nilishalisahau.

Jumatano, 11 Juni

Leo zamu ya joto. Mwalimu kaeleza kwa nini kakao ikivundikwa inapata moto bila kuni. Vijidudu visivyoonekana vinakula utamu wa ule ute wa mbegu, vinatoa joto. Navundika kakao tangu ujana, nachomeka mkono kwenye sanduku la kuvundikia unakaribia kuungua, sikuwahi kujiuliza. Kumbe kuna vibarua humo ndani, usiku na mchana, na hawadai hata chai!

Ndipo wazo likaja. Kuku anaangua kwa joto. Kakao ina joto. Kuku wa nini? Mke wangu Tusekile ana mtetea mwekundu anayelalia mayai kumi na moja. Nimeyahamishia sandukuni, chini ya majani ya migomba. Joto la kakao ni kali kuliko la kuku, kwa hiyo zile siku ishirini na moja lazima zipungue. Nimepiga hesabu: Ijumaa, kabla ya kipindi. Nitapiga simu vifaranga wakilia hewani. Nani atakumbuka mtungi?

Mtetea nimemwekea malimau kumi na moja, asijisikie vibaya.

Alhamisi, 12 Juni

Mtetea analalia malimau kwa bidii. Nimemhurumia kidogo.

Tusekile kasema kakao igeuzwe kesho. Nikajitolea kugeuza mwenyewe. Akanitazama sana. Tangu tuoane sijageuza kakao bila kuitwa mara tatu.

Nimepiga pasi shati la studio.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikuwa nyuma ya nyumba nafanya mazoezi ya kupiga simu. Tusekile akageuza kakao. Akaja na mayai kwenye ungo. Maganda yamelainika! Ukibonyeza yanarudi kama mpira. Yananuka siki. Kifaranga hakuna hata mmoja.

Hakugomba. Aliuliza tu malimau yataanguliwa lini. Heri angegomba. Vifaranga wale alikuwa amemwahidi mama yake. Nimeona haya, naandika ukweli.

Saa moja jioni nikashika simu. Haina salio. Nikatafuta ya Tusekile, haipo. Nikafungua redio. Mama mmoja wa Talatala yuko hewani, hana salamu hata moja:

"Mwalimu, kwa nini yai likikaa kwenye kakao inayovundikwa, ganda lake linalainika?"

Sauti naijua. Iko nyuma ya nyumba yangu!

Mwalimu akacheka kwa furaha. Akasema swali kama hilo hajawahi kuulizwa na atalipeleka darasani. Ile harufu ya siki ni asidi, akasema, nayo inakula chokaa ya ganda. Na joto la sanduku limezidi sana la kuku, yai haliwezi kuanguliwa humo. Muulizaji bora wa wiki: Tusekile wa Talatala.

Jumamosi, 14 Juni

Kaenda studio na kitenge cha Pasaka. Lugano kaja kusikiliza kwangu, tukakaa benchi moja. Saa nzima! Tusekile anauliza, Mwalimu anajibu, mara Mwalimu ndiye anauliza na Tusekile anajibu. Sikujua nimeoa mtu wa namna hii. Mwalimu akataka kujua nani aliyaweka mayai kwenye kakao.

"Ni msikilizaji wako mkubwa," Tusekile akasema. "Anafungua redio kwa sauti ya juu mno, ndiyo maana majibu yanampita."

Lugano alicheka mpaka akashika mti. Mimi pia nilicheka. Nilijisikia fahari mpaka macho yakalowa. Aliporudi nikampokea na maji ya mtungini. Akanishukuru, ndaga fijo, akanywa, akaomba shati langu la studio nilirudishe sandukuni. La nguo, akafafanua.

Jumapili, 15 Juni

Ibadani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiri. Mwalimu kasema makosa ni mawili tu: joto limezidi, na siki inakula ganda. Mawili tu! Sasa, mtungi si unapoza? Mayai yakikaa ndani ya mtungi, mtungi ukazikwa kwenye kakao, siki haitafika na joto litashuka mpaka la kuku. Lugano atakoma, na mtungi wake mwenyewe ndio utakaomkomesha.

Kesho tunakwenda kumwomba radhi mama mkwe kuhusu vifaranga. Bata wake analalia mayai tisa. Malimau ninayo kumi na moja.