Shavu la Kupimia Hereni

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza! Mkuu wa chuo kanikabidhi darasa la marehemu mke wangu, la mapambo na sanamu za waya, hadi maonyesho ya Jumatatu ijayo. Wanafunzi ndio kwanza wanaanza. Nilimwambia Mkuu kazi hiyo naijua nje ndani. Uongo mtupu. Kazi yangu ilikuwa kumkatia mke wangu waya na kumpelekea chai. Lakini maonyesho yakiharibika, chumba anapewa mwalimu wa ufinyanzi, jirani yetu. Ameshapima ukuta kwa rula! Meza ya humo ina makovu ya koleo la mke wangu. Vyungu havitakaa juu yake.

Mbinu yangu: niwatangulie kwa somo moja. Jana nilijifunza kitanzi cha waya, leo nikafundisha kitanzi. Binti mmoja, wanamwita Miwani, akauliza kitanzi cha pili kielekee wapi. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akaona vizuri tu! Wenzake wakaandika.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Niliwaambia waukunje na kuukunjua waya mpaka ushike adabu. Shaba ikakakamaa. Tak! Tak! Vipande meza nzima. Mfinyanzi akachungulia, akauliza kama tunafundishana kuvunja njiti za kiberiti. Eti udongo wake, mzee mwenzangu, haukatiki hivyo. Nikamwambia tope litakatikaje?

Ndipo nikakumbuka. Waya ukigoma, mke wangu aliupitisha motoni hadi uwe mwekundu, kisha majini. Alisema umechoka, anaupumzisha. Tukawasha jiko la gesi. Chsss! Miwani akaushika waya ule ule mkaidi. Ukamfuata kidole kama uzi. Miaka yote nilimletea maji ya kuupozea waya, nikageuka kuosha vikombe. Leo nimetazama.

Nikawaambia ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu mpya. Mke wangu aliacha ndege wa waya mmoja usiokatwa popote. Alibaki bila bawa moja. Nikalimalizia usiku, nikaja naye kama kazi yangu. Bawa langu: kijiko kilichokanyagwa na lori.

Miwani akauliza, kwa heshima zote, mwalimu, mbona ndege huyu ana mabawa ya watu wawili. Nikasema ni mtindo. Akauliza lile zuri ni la nani. Sauti ikanitoka ndogo: la mwenye meza.

Wakaweka koleo chini. Ndege akapita mkono kwa mkono. Wakauliza mbona hachomi popote. Hilo nalijua! Kila pambo alilisugua shavuni kwangu, na nikikunja uso anarudia kulainisha ncha kwa tupa. Shavu langu lilikuwa chombo cha kazi. Sijaguswa tangu aondoke.

Wakapanga foleni na hereni zao. Nikakaa. Nikakunja uso mara nyingi. Na macho yalilowa, lakini hiyo ni tupa yao mbaya.

Jumatatu, 10 Machi
Maonyesho. Walilitoa bawa langu bila kuniuliza, wakaunga bawa jipya, kila mmoja akikunja sehemu yake. Mlango ukafunguliwa, upepo ukamgusa ndege, kivuli chake kikapiga mabawa ukutani. Mfinyanzi akavua kofia. Akasema, haya bwana, huyu dada yetu alikuwa mtu. Akaikunja rula yake.

Mkuu akajisugua hereni shavuni. Hakukunja uso. Chumba ni chetu!

Akauliza kama muhula ujao naweza kufundisha kuyeyusha fedha na kupachika vito vya mawe.

Nikamjibu kazi hiyo naijua nje ndani.

Jiwe pekee nililowahi kushika ni la kuzuilia mlango. Nimeanza kulitazama.