Miguu Haikutajwa

Jumatatu, 2 Juni. Wodini, Mwanza.

Kesho natiwa betri ya moyo. Huu moyo wangu umeshindikana. Unakwenda mbio, unasimama, unakumbuka, unakwenda tena. Mwezi uliopita mke wangu Ephrasia alinikuta nimeanguka kifudifudi chini ya migomba, akadhani nimelala. Alinigombeza kwanza, ndipo akapiga yowe.

Daktari, binti mdogo tu, ameeleza. Kiboksi chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto. Waya mpaka ndani ya moyo. Hakuna kulazwa usingizi, ni ganzi tu! Nikasema siogopi. Ephrasia akauliza mbona nimeshikilia kitanda kwa mikono miwili.

Jioni simu. Rwekaza, kaka yake Ephrasia. Eti shemeji pumzika, rubisi ya harusi ya binti yetu Annastella, ile pombe ya ndizi, atakamua yeye. Yeye! Baba yangu alizikanyaga mwenyewe ndizi za harusi za dada zangu wote. Mimi binti ninaye mmoja. Na rubisi ya Rwekaza, Krismasi iliyopita, wageni walionja wakaomba soda.

Jumanne, 3 Juni.

Tayari! Nilikuwa macho muda wote. Nimesikia madaktari wakibishana kuhusu chakula cha mchana huku wamo ndani ya kifua changu.

Moyo unakwenda. Unakwenda sawasawa, bila kukumbushwa. Nimelia. Nesi akauliza kama nasikia maumivu. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 10 Juni. Nyumbani, Muleba.

Masharti. Mkono wa kushoto usipande juu ya bega mpaka daktari aruhusu. Nisibebe kitu. Nisivute kitu. Waya bado haujashika vizuri moyoni, ukichomoka ni kurudi mezani. Ephrasia ameufunga mkono kifuani kwa kitenge, akapiga fundo ambalo hata yeye linamshinda kulifungua.

Lakini nilisikiliza kwa makini. Hospitali nzima hakuna aliyetaja miguu. Tena wamenihimiza nitembee! Na kukanyaga ndizi ni nini, waitu, kama si kutembea mahali pamoja?

Alhamisi, 19 Juni.

Rwekaza amekuja kunipa pole. Uongo. Alikuja kuukagua mtumbwi wangu wa kukamulia ndizi. Nimemwona dirishani akiugongagonga kwa vidole, kama anaununua.

Nikatoa mguno mkubwa wa maumivu ili arudi ndani. Alirudi. Ephrasia naye alikuja mbio, na majirani, na mwenye gari. Nusura wanipakie kwenda Bukoba. Ikabidi nipone papo hapo mbele ya watu wote. Aibu! Na wageni walipopewa kahawa ya kutafuna, mimi nikarukwa. Eti moyo.

Jumanne, 24 Juni.

Ndizi zimeivia shimoni. Harufu inafika mpaka kitandani. Lazima zikamuliwe kesho, harusi ni Jumamosi.

Mpango umekamilika. Nimemwambia Rwekaza mtama wa hapa haufai kuchachushia rubisi, akachukue wa shangazi yangu Consolata kule Kanazi. Shangazi nimemwomba asimwachie mpaka ale matoke ya mchana, na ikiwezekana ya jioni. Ephrasia ana sala za jumuiya. Kitenge nitakikata kwa kisu.

Jumatano, 25 Juni. Bukoba, hospitalini.

Naandika kwa shida. Nilikanyaga. Ee Mungu, nilikanyaga vizuri! Juisi ilianza kutoka, povu jeupe, na moyo shwari. Nikaanza hata kuimba.

Sasa, kila Mhaya anajua juu ya mtumbwi kuna mti wa kushikilia. Bila mti huo maganda yatakuangusha. Mimi miguu yangu haijui kukanyaga bila mkono kuwa juu. Sikuamua. Mkono uliufuata mti wenyewe, na ni ule wa kushoto. Mguu ukateleza, nikaning'inia. Kitu kikavutika ndani ya kifua. Moyo ukaanza mambo yake ya zamani.

Annastella alikuwa amekuja kujaribu gauni. Hakupiga kelele. Aliingia mtumbwini na viatu vyake, akanikumbatia mpaka watu wakafika. Akaniambia, Tata, mimi sihitaji rubisi. Nahitaji mtu wa kunipeleka altareni.

Alhamisi, 26 Juni.

Waya umechomoka. Kesho Mwanza, wanifungue upya. Harusi imesogezwa mpaka nitakapotoka. Ndizi hazisubiri, Rwekaza amezimalizia.

Ephrasia hajanigombeza. Sijawahi kuogopa hivi. Nimemkuta kwenye korido, ameegemea ukuta, amejifunika uso kwa khanga. Miaka yote hii sijamwona akilia kwa ajili yangu. Nimemshika mkono. Nimeapa kwa Bikira Maria nitakaa kwenye kiti kama mzigo, sitagusa kitu. Na ninaapa hapa pia. Nampenda yule mwanamke.

Jumamosi, 12 Julai. Nyumbani.

Leo ndiyo leo! Nimevaa suti. Betri imetulia, daktari ameridhika, mkono umefungwa kwa kitenge kipya kinachofanana na tai. Jana tumemuaga binti. Rwekaza alikamua upya, na rubisi ilikuwa nzuri. Nzuri kabisa! Nimemwambia ni ya kawaida.

Usiku Ephrasia aliweka sikio kifuani kwangu. Alisikiliza sana. Akasema unakwenda, akalala hapohapo.

Nipo barazani kwenye kiti, kama nilivyoapa. Watu wote wako barabarani. Gari la bibi harusi limegoma kuwaka. Padri anasubiri. Annastella yumo ndani na shela lake, na kiti cha kando yake ni changu.

Wanasukuma. Wanasukuma vibaya! Rwekaza anasukuma kwa mikono, tumbo mbele, anatoa amri huku anahema. Gari la aina ile halisukumwi kwa mikono. Linasukumwa kwa mgongo, unalipa kisogo, unakaza visigino, unahesabu, basi. Watachelewesha misa bure. Ephrasia ameingia ndani kutafuta rozari.

Annastella amenitazama kupitia kioo. Anatikisa kichwa, na mimi hata sijasimama.

Mgongo tu. Dakika moja. Naweka kalamu chini.